Sikio la Kushoto

Ireneusz ametupangia jozi tatu za spika
katika chumba kisicho na dirisha, Mtaa wa Świętojańska,
Gdynia, Jumamosi ya Februari,
theluji ya viatu vyetu ikiyeyuka
juu ya zulia lake la kijivu, naye anajifanya haoni.

Mume wangu amekuja na futi kamba
na bahasha ya bili ya umeme. Nyuma yake kaandika kwa penseli:
Ukuta wa mbele, mita tatu na sentimita sitini.
Kabati la mama mkwe halihami.
Bomba la joto halihami.
Bogna: labda.

"Kaeni katikati," asema kijana. "Ni pembetatu:
spika, spika, na msikilizaji."
Wacław akaketi. Nami nikaketi kando yake,
ikawa katikati hakuna mtu.

Jozi ya kwanza ni minara myeusi,
kimo cha mtoto wa darasa la tatu.
Besi ikapanda miguu ya kiti, ikanikaa tumboni,
nikamkumbuka Bi Halina wa ghorofa ya chini
na mpini wa ufagio anaougonga darini kwake
hata nikipiga chafya.
Jozi ya pili, ndogo, za kuweka rafuni:
sauti safi kama glasi iliyosuuzwa mara mbili.
Ya tatu, bei yake ilinikohoza
kabla haijatoa mlio.

"Ya kushoto ina kasoro," akasema Wacław.

Kijana akabadilisha waya.
"Bado."
Akabadilisha spika zenyewe, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia,
kapiga magoti, kucha zikimchubuka kwenye vifungo.
"Bado. Kushoto kumefifia."
Akaweka kiganja juu ya kitambaa cha spika,
kama tabibu juu ya kifua cha mtoto asiyeumwa,
akanitazama mimi.

Nilitazama zulia.

Miaka thelathini na mmoja ndani ya matumbo ya meli,
nyundo na tindo, chuma kikimjibu chuma,
msimamizi akigawa pamba za kuzibia masikio
na vijana wakizicheka.
Watu husema fulani katia pamba masikioni.
Wangu mimi hakutia, ndiyo maana hasikii.

Sijawahi kumwambia. Nilihama tu.
Kwanza mezani, kisha kitandani,
kisha kwenye benchi la kanisa,
kidogo kidogo, hadi nikawa mke wa upande wa kulia.
Kabati halihami. Bomba halihami.

"Tunaweza kuiongeza ya kushoto," akasema Ireneusz
kwa sauti ya mtu anayefunga mlango usilie,
"desibeli nne, kwenye amplifaya. Wengi hufanya hivyo."
Uongo mzuri. Nilimpenda kwa uongo huo
kuliko kwa punguzo alilotupa baadaye.

Wacław aliikunja bahasha, akaikunjua.
"Na ile ya kati? Ya maneno?"
Kijana akaileta: ndefu, nzito, haina sura,
kama jeneza la paka.
Mwanamke asiyeonekana akanong'ona ndani yake
kwamba mkate umekwisha.
"Mkate umekwisha," akarudia mume wangu,
taratibu, kama anayesoma kibao cha mbali.
"Hiyo. Na zile ndogo.
Minara wabaki nayo wenye masikio."

Jumatatu katoka kununua skrubu.
Naketi pale alipochora alama ya chaki sakafuni,
nawasha filamu tuliyoiacha jana.
Kila kitu kimeinama kushoto:
mvua, farasi, mlango unaobamizwa,
dunia nzima imelalia ubavu mmoja
kama meli iliyopakiwa vibaya.
Rimoti ninayo mkononi. Ni kitufe kimoja tu.

Naiweka juu ya kabati lisilohama.
Mvua inaendelea.
Chini, Bi Halina anagonga mara mbili,
na hata yeye, nadhani, anagonga kushoto.